Mwana Hashima angejibu nini?

Kama ulifanya KCSE, bado unayakumbuka maneno haya mawili: nafsineni na nafsinenewa. Anayesema ndani ya shairi, na anayeambiwa. Kwa wengi wetu zilikuwa alama za bure katika Karatasi ya Tatu. Unaandika "nafsineni ni mzazi, nafsinenewa ni mwanawe", unasonga kwa swali la vina na mizani. Na mara nyingi ulikuwa umepata.

Hiyo "mara nyingi" ndiyo inanisumbua. Chukua mashairi ya Kiswahili kuhusu familia, yale mazito ambayo kila mwalimu anayataja. Mama anamwusia binti. Baba anamwusia mwana. Mzee anaangalia nyuma, anaona siku zake zinakwisha, anamwita kijana akae chini asikilize. Sisi tuko hapo mkekani, kimya, tangu karne ya 19. Na kwa kuwa tumenyamaza, ushairi wetu umebaki na habari moja kubwa kuhusu uzee: kwamba wazee wana busara. Kweli wanayo. Lakini mtu akiishi miaka 75 halafu shairi likamwona busara tu, ameibiwa mengi.

Twende kwa mama yao wote. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka wa 1858, kule visiwa vya Lamu. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyemsumbua sana Seyyid Said wa Zanzibar. Alikuwa mgonjwa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, msichana wa kama miaka 17 hivi. Ni beti 102, na zimesomwa na kunakiliwa mpaka zikatufikia wewe na mimi katika madarasa yenye madirisha yaliyovunjika.

Siku hizi tukilitaja shairi hili tunagombana kuhusu jambo moja: yale mafundisho ya mke kumtunza mume. Wapo wanaolisifu kama dawa ya ndoa, wapo wanaotaka lifungiwe kabatini ufunguo utupwe baharini. Ni mjadala halali, sikatai, ila umekula nafasi yote. Hebu rudi mwanzo wa utendi, usome polepole. Kuna mwanamke ambaye ameugua kwa muda mrefu. Anamwambia mtoto wake asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa sababu kuna jambo anataka kumwambia na hana uhakika wa kesho. Mume keshafariki. Binti yuko katika umri wa kuolewa. Mama anaangalia chumbani na kuona kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa kuja kumnyang'anya mtoto huyu baadaye: maneno. Anayafunga kama hirizi, anamvalisha.

Mimi hapo sioni mhadhara wa ndoa. Naona mama anayehesabu muda.

Sasa, Mwana Hashima hakubaki na miaka 17. Alizeeka. Aliishi mpaka karne ya 20 ikaingia, mpaka yeye mwenyewe akawa ajuza wa Lamu, na sauti ya mamake ikawa sauti ya mwanamke mdogo kuliko yeye. Fikiria hilo kidogo. Unaachiwa wosia ukiwa msichana. Unafika 40, unausoma tena, unakuta pengine pamekubana kama nguo ya zamani, pengine pamekuwa pakubwa. Unafika 60, unacheka mahali ambapo ulikuwa unalia. Mwana Hashima angejibu nini? "Mama, hili la kwanza lilinisaidia. Hili la pili liliniumiza. Hili la tatu nimemwambia binti yangu aliruke." Hatujui. Darasani tulisoma ya mama tu, tukaulizwa dhamira yake, kengele ikalia.

Hiyo ndiyo shida yangu na nafsinenewa. Katika shairi haoti hata unywele mmoja wa mvi.

Shaaban Robert naye alitembea njia hiyo hiyo. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za kuwausia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Ni kazi nzuri, lugha imenyooka kama rula. Lakini nikizisoma namwona mtu amevaa koti, amesimama, kidole kimeinuka. Nikitaka kumwona bila koti naenda kwa shairi la Amina, alilomtungia mkewe aliyefariki. Pale hafundishi mtu. Ni mwanamume ambaye nyumba imekuwa kubwa ghafla. Ukiniuliza mimi, beti chache za Amina zinaniambia zaidi kuhusu ndoa na muda kuliko nasaha zake zote, na najua kuna mwalimu anayesoma hapa ambaye tayari amekasirika.

Kisha angalia umri. Shaaban Robert alizaliwa 1909 akafariki 1962. Miaka 53. Kitabu chake cha maisha kinaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na ukisikia jina hilo unaona mtu aliyefika kituo kikubwa. Hapa Nairobi mtu wa miaka 50 anaendesha matatu ya Rongai, anabishana kuhusu Gor Mahia na bado ana mtoto wa nasari. Uzee wenyewe umesogea. Tunawasoma washairi waliojiita wazee wakiwa na umri wa buda zetu, kisha tunashangaa mbona buda nyumbani hafanani na mzee wa kwenye shairi.

Nisionekane kama naponda kila kitu. Shairi ninalolipenda kuliko yote kuhusu kupita kwa wakati ni la zamani kuliko hayo: Al-Inkishafi, la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19. Kinachonivuta ni kwamba mle ndani hamna mtoto anayenyooshewa kidole. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anaangalia majumba ya Pate, yaliyokuwa na taa, wageni na kelele za maisha, sasa yamekuwa ya popo na buibui, na anauliza moyo wake unangoja nini kuelewa. Yeye ndiye nafsineni, yeye ndiye nafsinenewa. Ukali wote anaupokea yeye mwenyewe.

Nililikumbuka nilipopita Pangani, pale zilipokuwa nyumba za zamani za kanju, zikabomolewa, maghorofa mapya yakapanda. Watu walizaliwa katika zile nyumba, wakaolewa humo, wakazeekea humo. Kila mtaa wa Eastlands una hadithi kama hiyo au unaisubiri. Nani ameandika inkishafi ya Pangani? Tumeweka picha za kabla na baada, tumeandika "kumbukumbu" na emoji ya moyo, tumemaliza.

Sasa najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimeshaambiwa na mathe mwenyewe. Mtoto hamjibu mzazi. Katika nyumba nyingi za Kenya "unanijibu?" si swali, ni ilani, na unafaa kuhesabu hatua kati yako na mlango. Neno lenyewe, kujibu, tumelifanya kosa. Mtoto mwenye "majibu" ni mtoto aliyeharibika. Na wahenga wako tayari na guu lao lililovunjika la yule asiyesikia la mkuu.

Lakini ushairi wa Kiswahili haujawahi kuwa na shida na majibu. Umejengwa kwa majibu! Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu wakati miji yao ilikuwa katika uhasama, na beti hizo zilikuwa silaha. Magazetini, malenga wa huku anauliza swali kwa shairi, malenga wa kule anajibu wiki inayofuata, wa tatu anaingilia kuwaamua, wa nne anamkosoa mwamuzi. Na anayejibu kwa ustadi anajibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, kumwonyesha mwenzake kwamba amemsikiliza mpaka silabi ya mwisho. Niambie adabu kubwa kuliko hiyo iko wapi. Kumjibu mtu kwa vina vyake ni lazima kwanza uvibebe kichwani.

Kwa hivyo chombo tunacho. Hatujakileta nyumbani tu.

Vijana nao wamewahi kushika kalamu, tusijidanganye kwamba ni kazi ya wenye mvi. Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 alipofungwa kwa sababu ya karatasi yake ya 1968, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyotunga gerezani yalitoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais ambaye serikali yake ndiyo ilimfunga. Nchi hii ina vichekesho. Ndani ya kitabu hicho kuna shairi ambapo mtoto anamsemesha mama yake moja kwa moja, Usiniuwe. Ila mtoto huyo yuko tumboni. Nilipotafuta mtoto anayemwambia mzazi neno katika vitabu vyetu vikubwa, niliyempata hajazaliwa bado.

Humo pia kuna Mnazi. Ndugu wawili wanagombania mnazi, na kila mmoja anapewa nafasi ya kujieleza, mmoja anasema, mwingine anajibu. Wasomi hulisoma kisiasa, kwamba mnazi ni nchi, na wana sababu nzuri. Mimi wakati mwingine hulisoma kama lilivyo: ndugu, mti, na nani atakula. Familia nyingi ninazozijua zimevunjikia hapo hapo, siku chache baada ya matanga.

Naugusa mnazi kwa sababu Pwani hiyo hiyo iliyotupa tenzi za wosia ina jambo ambalo ushairi wetu wa "mvi ni busara" hauwezi kulitazama usoni. Kaunti ya Kilifi, katikati ya Mombasa na Lamu. Kwa miaka mingi wazee wameuawa huko wakiitwa wachawi. Watetezi wa haki na maafisa wa serikali wamerudia kusema kwamba nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba, na kwamba mkono unaoshukiwa mara nyingi unatoka nyumbani: mwana, mpwa, mjukuu. Kuna wazee waliopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwasaliti. Kule Ganze kuna makao, Kaya Godoma, ya kuwahifadhi waliokimbia boma zao wenyewe.

Soma hiyo tena kama mtu wa umri wako. Wanaotuhumiwa ni rika letu. Mzee anaogopa nafsinenewa wake.

Simaanishi shairi lingezuia panga. Mtu aliyekwisha kukubaliana na wenzake usiku hasomi shairi. Ninachosema ni hiki: ukimlea kijana na picha moja ya mzee, sanamu la busara, siku ambayo mzee atakuwa mkali, msahaulifu, mwenye shamba na asiyetaka kuligawa, kijana hana neno lingine la kumwita. Sanamu likigeuka, jina linalobaki karibu ni mchawi. Mashairi ambayo yangemwonyesha mzee kama mtu, mwenye hofu, wivu, ucheshi, na haki ya kushikilia chake, yangempa kijana maneno mengine. Hayo hatunayo ya kutosha, na mtu wa kuyaandika ni yule anayeishi na mzee huyo, anayembebea maji, anayeudhiwa naye.

Badala yake sisi tumeandika nini? Tumeandika kuhusu mathe. Nenda jukwaa lolote la mashairi hapa mjini, subiri dakika ishirini, mama ataingia: aliuza mboga, alilala njaa, magoti yake yana sugu za maombi. Watu watapiga vidole, wengine watalia. Na ni kweli, wengi walilala njaa. Lakini huyo mama naye amegeuzwa sanamu, safari hii na sisi. Hakasiriki. Hatamani kitu. Hakuwahi kuwa na miaka 22. Buda ndiye hayupo kabisa, au yupo kama deni. Nimesikia labda mashairi kumi ya mama kwa kila moja la baba, na hilo moja huwa kesi mahakamani.

Na muda? Sisi muda tunaupima kwa M-Pesa. Tangu 2007 mapenzi ya familia yana ujumbe wa kuthibitisha. Unatuma mia tano, unapigiwa simu ya asante, unasikia sauti imebadilika kidogo tangu mwezi uliopita, imekuwa nyembamba, lakini mnazungumza kuhusu mvua. Hapo pana shairi, katika hiyo sauti iliyobadilika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikatika, na kwa miaka miwili simu za nyumbani zilikuwa na shimo katikati ambalo sote tulilizunguka. Utendi wa mzazi kwa mtoto una ubeti wa mtoto anayetii na ubeti wa mtoto anayepotea. Ubeti wa mtoto ambaye mambo yalibadilika tu, na mzazi ambaye aliuza ng'ombe bure na bado anauliza umekula, sijaukuta. Itabidi tuuandike.

Serikali kwa upande wake ina mashairi mafupi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia zao na ya serikali. Inua Jamii inampa mzee aliyefika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija. Zigawe kwa siku 30 uone. Zinazobaki ni za familia, yaani za yule kijana wa boda, wa duka la simu, wa mjengo, ambaye yeye mwenyewe anasota. Wazee wetu wanazeeka mikononi mwa watu waliokwama. Hilo ni jipya, Mwana Kupona hakuliandika, Shaaban Robert hakuliandika, na si kazi yao. Walikwisha kutuma zao. Zamu ni yetu.

Na sidai tuandike kwa utenzi. Andika guni, andika kwa Sheng, andika kwa sauti ya WhatsApp ya dakika tatu ambayo hakuna mtu ataisikiliza mpaka mwisho. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974 bila vina, watu waligombana kweli kweli, leo mashairi huru yanatahiniwa na watoto wa kidato cha nne bila mtu kuzimia. Umbo halijawahi kuwa tatizo. Ila kama unaweza vina, manze, jaribu siku moja kumjibu Mwana Kupona kwa vina vyake. Mizani nane, kituo kile kile cha mwisho wa ubeti. Utagundua kwamba huwezi kumjibu kwa haraka. Inabidi umsikilize usiku kucha.

Mimi nimeanza na shosho, kwa sababu bado yupo wa kuulizwa. Shosho wangu ana zaidi ya miaka 80 kwa hesabu ya kitambulisho, kwa hesabu yake ni chini ya hapo na usibishane. Anapenda mieleka kwenye runinga, anajua nani ni mwovu na nani amegeuka, na akishindwa mtu wake hataki chai. Nilimpigia nikamwambia nataka kumtungia shairi, angependa niseme nini. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umepotea. Kisha akasema nisiandike habari za kaburi, hizo anazisikia kanisani kila Jumapili. Niandike kwamba alikuwa mrefu. Kabla ya mgongo, akasema, alikuwa mrefu kuliko babu yako, na babu yako hakulipenda.